Niliyoyasoma Mbele ya Jeneza la Mama

Juzi niliingia katika duka la fotokopi mjini Kisii kutoa nakala ya kitambulisho changu. Kijana wa mashine alinikabidhi karatasi ikiwa bado moto, na kabla sijaiangalia pua yangu ilikuwa imeshafika mahali pengine. Ni ile harufu kavu ya wino uliopashwa moto, inayokaribiana na ya nguo iliyotoka kupigwa pasi. Nililipa, nikatoka, nikasimama kibarazani mpaka mama mmoja aliyekuwa akiuza njugu akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia hapana, niko sawa. Habari yenyewe ni ya zamani sana, na aliyeitangaza ni mimi.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka mazishi ya siku zile. Siku hizi kuna vipaza sauti na vijitabu vya rangi vilivyojaa picha za marehemu akicheka. Wakati ule ilikuwa karatasi moja iliyopigwa taipu na kutolewa nakala mjini, na picha ya marehemu ilitoka doa jeusi lenye meno. Lakini hata ikiwa karatasi moja, ilibidi iwe ya Kiingereza. Marehemu angeweza kuwa mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kutamka Kiingereza isipokuwa majina ya dawa. Akishalala kwenye jeneza alisemwa kwa Kiingereza, la sivyo watu wangenong'ona kwamba boma hilo halina mtu. Karatasi ilisomwa na mtoto wa nyumba mwenye masomo, sentensi moja moja, na kando yake alisimama mtu wa kuitafsiri kwa Ekegusii ili wazee na kina mama wasikie. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo kila mtu alilijua bila kufundishwa: mwenye neno aliseme kabla ya udongo. Lililosemwa pale mbele ya jeneza, watu wakanyamaza, lilikuwa limepita. Ukilipinga baada ya hapo ulionekana unamfukua marehemu.

Sisi tuliishi upande wa Ekerenyo, nyumba ya mabati juu ya kipande cha chai, migomba nyuma ya jikoni. Baba alikufa miezi michache kabla mdogo wetu wa mwisho hajazaliwa. Nakumbuka zaidi buti zake za mpira, zilivyobaki zimesimama mlangoni mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuzihamisha. Mama aliugua msimu mzima wa mvua. Nilikuwa darasa la sita. Ombati anayenifuata alikuwa na miaka saba, Moraa minne, na Nyabuto alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Asubuhi moja nilikuwa nikimwosha Mama miguu kabla ya kwenda shule, akaniambia bila kufungua macho, "Wewe usome, Kemunto. Hawa wana watu." Alimaanisha baba mdogo, ndugu ya baba, aliyekuwa na nyumba kubwa ng'ambo ya kijito, na nyanya yetu, ambaye tulimwita Magokoro. Nikajibu ndiyo, nikamwaga maji, nikakimbia kwa sababu nilikuwa nimechelewa. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Kwa miaka mingi nimetamani hata paka angekuwepo.

Mama alipokufa, mwili ukiwa bado mochari mjini, baba mdogo alikuja nyumbani pamoja na mwalimu wangu wa Kiingereza. Huyu mwalimu nilimpenda. Lazima niseme hivyo, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Alikuwa mtu mwembamba wa sweta la kijani, na alikuwa mtu mzima wa kwanza kunipigia makofi. Niliposoma darasani alifumba macho kama anayesikiliza kwaya. Siku ile alikunywa uji wetu, akaniambia kwamba wasifu wa Mama ataandika yeye, na msomaji nitakuwa mimi.

"Huyu?" baba mdogo aliuliza, ingawa sasa nadhani walikuwa wameshaelewana njiani. "Hataanza kulia katikati?"

"Huyu halii," mwalimu alisema. "Huyu ni chuma."

Nilifurahi kuitwa chuma. Kwa siku tatu, masomo yakiisha, nilifanya mazoezi katika ofisi ya walimu, mahali ambapo kwa kawaida mtoto aliingia ili kuchapwa. Mwalimu alinipa chai kwenye kikombe cha bati na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili. Alinifundisha kupumua penye mkato, kuinua macho penye nukta, na kutokimbia kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Maneno mengi sikuyajua. Kiingereza changu kilikuwa cha kitabu cha darasa la sita: soko, ng'ombe, ajali ya basi. Hiki kilikuwa kingine, kirefu, cha watu wa ofisi, na kilirudia mtindo mmoja kila baada ya mistari michache: the fact that, the wish that, the understanding that. Nilimwuliza ni maneno gani hayo.

"Msomaji mzuri hasimami njiani kuuliza," alisema. "Meza mate, pumua, endelea."

Basi nikajitafutia maana mwenyewe. Niliamua kwamba yale yalikuwa maneno ya heshima, kitu kama joho ambalo mtu humvisha mkubwa kabla ya kumtaja, kama vile mchungaji hatajwi bila cheo chake. Nikaona Mama amevishwa vizuri. Jioni nikimenya ndizi nilimsomea Ombati, naye alisimama ameshika mwiko kama fimbo ya chifu, akirudia mwisho wa kila sentensi.

"Dada, Kiingereza chako kinatoka puani."

"Ndiko kinakotoka," nilimwambia. "Cha mdomoni ni cha watoto."

Siku ya mazishi boma lilijaa mpaka watu wakasimama ndani ya chai ya jirani. Migomba kadhaa ilikuwa imekatwa kuwapisha, na majani yaliyokanyagwa yalitoa ule ute unaonata kwenye viatu na hautoki. Baba mdogo alifika na nakala kutoka mjini, amezificha ndani ya koti zisilowe, akanipa ya juu. Hapo ndipo nilipoipata ile harufu kwa mara ya kwanza. Nikaileta karatasi puani. Nilidhani ndivyo Kiingereza kinavyonuka.

Mtafsiri alikuwa mzee wa kanisa, mtu mwaminifu mwenye sauti nyembamba, aliyekuja na kiti chake mwenyewe. Alikuwa hajauona wasifu kabla ya pale. Nikaanza. Mama alizaliwa wapi, alibatizwa na nani, aliolewa boma gani, alizaa wangapi. Nilisoma, mzee akatafsiri, watu wakaitikia ile "mm" ya chini inayotoka kifuani. Nilimwona mwalimu nyuma, karibu na chifu msaidizi, amefumba macho. Sauti yangu haikutetemeka. Nilikuwa na huzuni, bila shaka, lakini nitasema ukweli: katikati ya huzuni ile nilikuwa pia na raha, kwa kuwa watu wote wale walikuwa wakinisikiliza mimi.

Kisha ikaja sentensi ndefu kuliko zote, ile niliyoipenda zaidi kwa sababu ilikuwa na mikato minne. Niliipanda na kuishuka bila kujikwaa. Mzee wa kanisa akainama, akaweka mkono nyuma ya sikio.

"Rudia, mwanangu. Hiyo ni ndefu."

Nikairudia. Niliisoma mara mbili, tena mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Mzee akafikiri, akawageukia watu, akasema kwa Ekegusii, polepole ili asipoteze kitu:

"Anasema mama yake alitaka yeye, mtoto wa kwanza, aache shule abaki nyumbani na wadogo wake. Anasema yeye mwenyewe amekubali, na baba yake mdogo ni shahidi."

Watu wakasema, "Mm."

Baadaye sana, nilipokuwa nimejifunza Kiingereza kwa kusoma vitabu vya wadogo zangu wakishalala, niliitoa ile karatasi nikaisoma upya. Haikuwa na mtu aliyesema. Ilikuwa na nia, na makubaliano, na ukweli, vimesimama vyenyewe kama makoti yaliyotundikwa ukutani, na ndani yake tumening'inizwa mimi na Mama. Kile Kiingereza cha ofisini kinaweza kufanya hivyo. Kinasema ile nia kwamba fulani afanye hivi, yale makubaliano kwamba fulani atakaa pale, na kabla hujauliza ni nia ya nani na makubaliano ya lini, sentensi imeshavuka inazungumzia jambo lingine. Hakuna aliyedanganya kwenye karatasi ile, kwa sababu hakuna mtu kwenye karatasi ile. Nyumbani kwetu huwezi kuleta habari ya mtu namna hiyo. Utaulizwa nani alisema, na alikuambia ukiwa umesimama wapi. Mzee wa kanisa, kwa uaminifu wake, hakuweza kuwapelekea wazee maneno yasiyo na mwenyewe. Akatafuta mwenyewe, akaona mdomo uliokuwa karibu, akanipa mimi.

Siku ile sikuyajua hayo yote. Nilijua tu kwamba nimesema kitu ambacho sikukisema. Nilimtazama mwalimu. Alikuwa amefungua macho, wala hakuwa ameshtuka. Nimesahau mengi ya siku hiyo, hata wimbo uliofuata nimeusahau, ila huo uso sijausahau. Mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza hushtuka hata kidogo, hugeuza shingo, hutafuta macho ya mwenzake. Yeye aliinua kidole kimoja, kama alivyofanya darasani mwanafunzi akikwama, akakisukuma mbele taratibu. Endelea.

Nikaendelea. Udongo ulikuwa bado pembeni, majembe yameegemezwa kwenye mgomba, nafasi ya kusema ilikuwepo. Lakini nilikuwa na miaka kumi na miwili, jeneza la Mama lilikuwa hatua mbili kutoka nilipokuwa, na mtu niliyemwamini kuliko wote waliobaki alikuwa ameniambia nisonge mbele. Nikasoma mpaka mwisho. Nikainua macho penye nukta.

Kina mama walinizunguka, wakanishika mikono, wakanipangusa uso ambao haukuwa na machozi. "Mdogo hivi, moyo mkubwa hivi," mmoja alisema. Mwingine akasema, "Sasa mwenzetu analala bila wasiwasi." Magokoro alinivuta mpaka nyuma ya jikoni, akanishika mashavu kwa viganja vyake vikavu.

"Mama yako alikuambia hayo lini?"

"Hakuniambia, Magokoro. Aliniambia nisome."

Akaniachia mashavu. "Usianze hayo, omwana one, mwanangu. Umesema mbele ya watu wote. Unataka aonekane alisema hili, akasema na lile?"

"Sikujua nilichokuwa nasoma."

"Msomi gani hajui anachosoma?"

Hakuwa akinikejeli. Alikuwa akiuliza kweli. Magokoro hakuwahi kushika kalamu maishani mwake, na hakuwa na njia yoyote ya kuamini kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kutoa maneno mdomoni, mara mbili, kwa sauti kubwa, yakiwa mageni kwake mwenyewe. Nilijaribu kumweleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mtoto aliyeahidi mbele ya jeneza na sasa anataka kukwepa.

Jumatatu nilivaa yunifomu, nikamwachia Magokoro mtoto, nikaenda shule. Mwalimu alikuwa mlangoni mwa darasa letu na rejista kwapani.

"Kemunto," alisema kwa upole. "Umekuja kuwaaga wenzako?"

"Nimekuja kusoma."

"Na watoto umewaacha na nani?"

"Wana watu."

Akachungulia darasani, akatoka nje kabisa, akauvuta mlango nyuma yake. Kupitia dirishani niliona kiti changu cha safu ya tatu, msichana mwingine ameshakikalia.

"Baba yako mdogo yuko kwenye kamati ya shule," alisema, kana kwamba nilikuwa nimeuliza hilo. "Mkewe amekataa kuongezewa watoto. Ungetaka mgawanywe, mmoja huku, mmoja kule?"

"Mama hakusema vile, mwalimu. Ulijua hakusema?"

Alitazama viatu vyake. "Baba yako mdogo alileta maneno. Mimi niliyatia Kiingereza tu." Kisha, kwa kuwa sikuondoka, akaongeza, "Na uliyasoma vizuri sana. Miaka yote hii sijasikia mtoto akisoma vile."

Nadhani kwa namna yake alikuwa akinipa zawadi. Nilirudi nyumbani. Nilipofika Magokoro alinipa mtoto bila kuuliza nilikokuwa, nikamfunga mgongoni nikiwa bado na yunifomu, nikashuka kwenye chai.

Miaka iliyofuata haina mengi ya kusimulia. Nilichuma chai, nilikata ndizi nikazipeleka soko la Daraja Mbili, nilipika, nilifua, nilisaini ripoti za shule mahali palipoandikwa mzazi. Baba mdogo alitutembelea Krismasi, akanisifu mbele ya wageni wake. Nilimchukia, lakini yeye sikuwahi kumtegemea, kwa hiyo chuki ile ilikuwa nyepesi. Iliyokuwa nzito ni ile ya sweta la kijani. Nilikutana na mwalimu mara nyingi sokoni, akaniamkia, nikamwitikia. Hakuwahi kutaja jambo lile tena, nami sikumtaka alitaje.

Wadogo zangu sikuwaambia. Walikua wakijua kwamba Mama ndiye aliyenichagua, na kwamba nilikubali. Mwanzo nilinyamaza kwa ajili ya Magokoro. Halafu Ombati akiwa darasa la saba akaacha shule. Alitaka kuendesha bodaboda na kijana mmoja aliyempa ahadi za uongo. Nilimfuata asubuhi mpaka kituo cha kuuzia majani ya chai, nikamkuta ameketi juu ya pikipiki ya mwenzake, nikamwambia mbele ya watu wote, "Mama alinitoa shule ili wewe usome. Anatazama. Mwambie mwenyewe kwamba hutaki." Alishuka. Alirudi darasani siku hiyohiyo, na hakuacha tena mpaka akawa mwalimu. Moraa naye nilimwambia hivyohivyo alipokata tamaa, na Nyabuto. Ile sentensi ya baba mdogo ilifanya kazi vizuri mikononi mwangu, pengine kuliko ilivyofanya mikononi mwake.

Mwaka jana Ombati alitaka kuweka jiwe kwenye kaburi la Mama. Alikuwa ameshaongea na mchongaji huko Tabaka, na alikuja nyumbani na maneno ya kuchonga ameyaandika kwenye simu. Alinisomea kwa Kiingereza chake kizuri, amesimama. Kulikuwa na majina, na tarehe, na chini yake mstari mrefu kuhusu ile nia kwamba mzaliwa wa kwanza ajitoe ili wadogo wake wainuke.

"Huo mstari utoe," nilisema.

"Dada, huo ndio wenyewe. Mengine ni tarehe tu."

"Utoe, Ombati. Hakusema."

Akacheka kidogo. "Hakusema vipi, na mimi nilikuwa pale? Nilikuwa nimeshika sketi yako. Mzee wa kanisa alikuambia urudie, ukarudia."

Nikamweleza yote. Ofisi ya walimu, mkate, kidole cha mwalimu, mlango wa darasa. Nilimweleza na asubuhi ile ya kumwosha Mama miguu, ambayo sikuwa nimemwambia mtu aliye hai tangu Magokoro. Alisikiliza akigeuzageuza simu mkononi. Nilitarajia amkasirikie mwalimu. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeyawaza hayo, jinsi siku moja mmoja wao atakavyojua, aende akamwulize mwalimu yule kwa niaba yangu.

"Na ile siku ya kituo cha chai?" aliuliza. "Uliponiambia Mama anatazama?"

"Nilisema."

"Ukijua."

"Nikijua."

"Kwa hiyo kila siku niliyoamka kwenda shule nikimshukuru Mama, nilikuwa nikishukuru kitu ambacho hakuwahi kufanya." Aliongea polepole, kama anayesahihisha daftari. "Mwalimu alikudanganya siku tatu. Wewe umenidanganya tangu nikiwa mtoto mpaka nimeota mvi."

"Ningekuambia ukweli, ungeshuka kwenye ile pikipiki?"

Asingeshuka, na alilijua hilo, na nadhani ndilo lililomuuma zaidi. Aliufuta mstari hapohapo mbele yangu, akavaa koti, akaondoka bila kumaliza chakula. Jiwe lililetwa na vijana wawili wa Tabaka wiki chache baadaye, lina jina na tarehe, na mimi ndiye niliyewaonyesha pa kulisimamisha. Yeye hakuja. Hajanipigia simu tangu wakati huo, na nikipiga mimi, mkewe ndiye anayepokea.

Nimekuwa nikijiambia kwamba mimi ni tofauti na mwalimu, kwamba yeye alinifungia mlango na mimi nilimfungulia Ombati. Ni kweli. Lakini wote wawili tulichukua maneno yasiyo ya Mama tukayaweka kinywani mwake, kila mmoja akijua, kila mmoja akimtazama mtoto usoni. Kesho nitakwenda kwake Ombati, anifungulie asinifungulie. Siendi kujitetea. Nitamwambia kwamba lile la kituo cha chai halikuwa la Mama, wala la baba mdogo, wala la karatasi yoyote. Nilisema mimi.